Mdundo wa Mguu wa Kulia

Kama kulikuwa na mtu katika hospitali ile mwenye haki ya kuwagombeza watu kuhusu miguu yao, basi ni Sementi. Jina hilo alipewa na wagonjwa, naye alilipokea bila kinyongo, maana kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kuwafunga plasta watu waliovunjika. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, mwisho wa korido: kitanda kimoja cha chuma, ndoo mbili za maji, kabati la bandeji, simu ya ukutani yenye waya mrefu, na dirisha linalotazama barabara ya lami. Kwanza inawekwa pamba. Kisha bandeji ya plasta inatumbukizwa kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe, inakamuliwa kidogo, inazungushwa upesi kabla haijaanza kukaza. Jamaa wa mgonjwa anaambiwa ashike kisigino na asitingishike. Halafu inafuata hotuba.

"Wiki sita," alikuwa akimwambia asubuhi hiyo kijana mmoja aliyeanguka na pikipiki. "Hukanyagi chini. Hujaribu hata kidogo. Huendi nyuma ya nyumba kuangalia kama umepona. Mfupa hauna haraka, mwenye haraka ni wewe. Umenisikia?"

"Nimesikia, mzee. Ila kuna mechi mwisho wa mwezi, na mimi ndiye..."

"Mechi itachezwa na wenye miguu."

Kijana akanywea. Sementi akacheka kidogo, akageuka kwenda kunawa mikono, na katika kugeuka akaukanyagia mguu wake wa kulia. Kicheko kikakatika. Aliishika sinki kwa mikono miwili, akafungua bomba ili maji yapige kelele, akasubiri. Zilikuwa zimebaki wiki tano kabla ya mbio, na muundi wake, ule mfupa wa mbele ya mguu chini ya goti, ulikuwa ukiwaka moto kwa siku ya tisa mfululizo.

Usidhani hakujua anachokifanya. Asiyejua unamwonea huruma, unamwelekeza, yanakwisha. Huyu alijua kuliko watu wote, na bado kila alfajiri alivaa viatu.

Mbio zenyewe hazikuwa zake. Zilikuwa za mdogo wake wa kike, ambaye hospitali nzima ilimwita Opareta, kwa sababu ndiye aliyekaa kwenye swichibodi na kuunganisha simu za wodi zote. Alikaa katika chumba kidogo kisicho na dirisha nyuma ya mapokezi, na dirisha lingemfaa nini, maana macho yalimwacha akiwa na miaka kumi na mmoja, baada ya homa. Kwa masikio, hata hivyo, hakuwa na mpinzani. Daktari akinyanyua simu tu, kabla hajasema neno, Opareta alishamjua kwa jinsi anavyovuta pumzi. Ndugu hawa wawili waliishi na mama yao katika nyumba ileile walimozaliwa, hakuna kati yao aliyeoa wala kuolewa, na mama alishachoka kuuliza.

Opareta alikuwa mkimbiaji. Alikimbia kilomita arobaini na mbili kwenye mbio za wasioona, na kiongozi wake alikuwa kaka yake. Walishikana kwa kamba ya kiatu iliyokunjwa mara mbili, ncha moja kwenye mkono wa kulia wa Sementi, nyingine kwenye mkono wa kushoto wa mdogo wake. "Kamba ni ya kuwaridhisha waamuzi," Opareta alipenda kusema. "Mimi nakimbia na miguu ya kaka." Na kweli, mguu wa kulia wa Sementi ndio uliokuwa karibu na sikio lake. Ukitua mzito, alijua mlima umeanza. Ukichakacha, alijua kuna mchanga. Ukifupisha, alijua kona inakuja hata kabla kaka hajasema "kona". Miaka minne iliwachukua kuelewana hivyo.

Mwaka huo shirikisho la michezo lilisema litachukua wanawake wawili wasioona kwenda kwenye mashindano makubwa ya nje, na kwamba baada ya safari hiyo linataka damu changa. Opareta alikuwa na miaka thelathini na tisa. Mara mbili mfululizo alishika nafasi ya tatu. Mara ya pili aliketi pembeni mwa barabara, akajimwagia usoni maji yaliyobaki kwenye chupa ili watu wasijue yapi ni maji na yapi ni machozi, akasema, "Mwakani, kaka." Mwakani ndio huu. Hapakuwa na mwingine.

Kanuni ziliruhusu kila mkimbiaji kuandikisha viongozi wawili, wa pili awe akiba. Walimjaribu mwalimu wa michezo wa shule ya jirani, mtu mwema mwenye pumzi za kutosha na maneno mengi zaidi. Kilomita ya tatu alikuwa anasimulia habari za shemeji yake akasahau kusema "tuta". Opareta alianguka kifudifudi na jino la mbele likabaki pale pale. Tangu siku hiyo akasema ni yeye na kaka au basi, na kwenye fomu nafasi ya kiongozi wa akiba ikabaki wazi. Bado ingeweza kujazwa. Ofisi ya mbio ilipokea majina mpaka Ijumaa ya siku kumi na sita kabla ya mashindano, saa nne kamili asubuhi. Baada ya hapo, asiye na kiongozi hana mbio.

Maumivu yalianza hivihivi, kama yanavyoanza yote. Kichomo kidogo wakati wa kushuka mteremko. Siku ya tatu Sementi akaanza kuuonea mguu huruma, na Opareta akapunguza mwendo papo hapo.

"Kaka, unachechemea?"

"Kijiwe kimeingia kwenye kiatu."

Akasimama, akavua kiatu, akakikung'uta vizuri sana kijiwe ambacho hakikuwepo, akavaa. Kuanzia hapo akafanya jambo ambalo hakuna mtu mwingine duniani angelifanya ila kiongozi wa asiyeona. Wewe na mimi mguu ukiuma tunauinua upesi, tunaegemea mwingine. Sementi akafanya kinyume. Kwa kuwa mdogo wake angesikia kila hatua nyepesi, akaupigiza ule mbovu chini kwa nguvu sawa na ule mzima, ili mdundo usipinde. Alihesabu kimoyomoyo, moja mbili, moja mbili, na kila mbili aliona nyota asubuhi ile ile. Akajikaza kisabuni. Opareta hakuuliza tena, na Sementi akajisifu kwamba ameweza.

Wiki moja baada ya yule kijana wa pikipiki, alikwenda chumba cha eksirei saa ya chakula, foleni ikiwa imekwisha. Fundi wa humo, mwenzake wa miaka mingi ambaye wote walimwita Picha, alimlaza, akampiga eksirei, kisha akaitundika picha kwenye ubao wa taa. Wakasimama bega kwa bega mbele yake, kama walivyosimama mara elfu mbele ya mifupa ya watu wengine.

"Unaona ninachokiona?" Picha akauliza.

Sementi aliona. Katikati ya muundi palikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama unywele, uliokwishakata karibu nusu ya mfupa.

"Wa nani huyu?" akauliza, akijitia utani.

Picha hakucheka. "Wa mtu ambaye angekuja kwako ungemfunga mpaka pajani na kumtukania ukoo."

"Situkani ukoo."

"Unaugusia." Picha akazima taa ya ubao. "Sikiliza, kaka yangu. Ukipumzika, wiki sita, huu ufa unaziba na unasahau. Usipopumzika utakatika pande mbili, na ukikatika hutakimbia tena hata kufukuza kuku. Yule mwalimu yupo. Jina lake liandikwe."

"Mwalimu atammaliza meno yaliyobaki."

"Afadhali meno."

"Na muda? Anatakiwa amalize ndani ya saa tatu na nusu. Na mwalimu hamalizi hata kwa nne. Ni sawa na kumwambia asiende."

"Basi mwambie hivyo. Mwambie asiende. Ni mtu mzima yule."

Sementi aliangalia ukuta. "Usiiandike kwenye faili," akasema.

Picha akaitia ile picha kwenye bahasha isiyo na jina, akampa, na siku nyingi baada ya hapo hakumsalimia kwa moyo.

Zikafuata siku za kuhangaika. Sementi alimeza vidonge vya maumivu asubuhi na jioni mpaka tumbo likalalamika. Aliuloweka mguu kwenye ndoo ya barafu, aliukanda, aliubembeleza, aliuapiza. Akajitengenezea gamba la plasta, nusu tu, la nyuma ya mguu, analofunga kwa bandeji na kulivaa chini ya suruali saa za kazi. Alfajiri alilivua, akakimbia kilomita kumi na tano, akarudi akalivaa, akaenda kuwahubiria watu habari za wiki sita. Kuna siku bibi mmoja aliyevunjika mkono alimuuliza kwa nini anatokwa jasho hivyo na chumba kina baridi. Akasema ni joto la plasta.

Alikuwa anaogopa. Hilo lisemwe wazi. Aliogopa kuuvunja mguu, lakini aliogopa zaidi ile sauti ya mdogo wake ikisema "haya, basi" kwa upole, kama anavyowaambia wapiga simu kwamba mtu wanayemtafuta hayupo. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema hata moyoni. Akiwa na ile kamba mkononi, watu barabarani walipiga makofi. Bila kamba alikuwa bwana wa ndoo mbili mwisho wa korido.

Mama aliliona gamba chini ya kitanda wakati anafagia. Akaliinua, akalipindua, akamngoja mwanawe arudi kazini.

"Hiki ni nini?"

"Mama, tafadhali. Usimwambie."

Mama akaketi kwenye kiti cha jikoni, gamba mapajani. Alimwangalia mwanawe kichwa mpaka miguu, halafu akaangalia mlango wa chumba cha binti yake.

"Nyinyi wawili mtanizika mapema na siri zenu," akasema, akalirudisha gamba alipolitoa.

Sementi alishukuru kwamba amekubali kunyamaza. Lile neno "wawili" lilimpita sikio moja likatokea la pili.

Kisha kama bahati vile, Opareta naye akaanza kuwa na siku mbaya. Jumanne alisema ana mafua, wapumzike. Wiki iliyofuata tumbo. Halafu zamu ikaongezwa, hawezi kuamka mapema. Kila siku ya namna hiyo Sementi alishusha pumzi, akalala na mguu juu ya mto, akamshukuru Mungu kwa mafua ya mtu mwingine. Hakujiuliza tangu lini mdogo wake anaugua mafua.

Ijumaa ikafika. Saa nne kasoro dakika ishirini chumba cha plasta kilikuwa kitupu. Alfajiri hiyo alikuwa ameshindwa kushuka ngazi ya mlangoni bila kushika ukuta, na maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akapiga moyo konde. Alijiambia: nitamwambia sasa hivi, atalia, nitalia, tutampigia mwalimu, jina litaingia. Ni dakika tano tu. Akanyanyua mkonga wa simu ya ukutani.

"Opareta," sauti ya mdogo wake ikasema, ile ya kazini, isiyopanda wala kushuka. "Nikuunganishe na wapi?"

Sementi alivuta pumzi, akauzungusha waya kwenye kidole.

"Chumba cha plasta, nakusikiliza." Kisha sauti ikabadilika. "Kaka?"

"Ni mimi."

"Kuna nini?"

Upande wa pili laini nyingine ilianza kulia. Opareta hakuipokea. Katika miaka yake yote pale hakuwahi kuiacha simu ilie zaidi ya mara mbili, na hii ililia mara tano, sita. Sementi aliitazama saa ya ukutani. Aliutazama mguu wake.

"Nilitaka kujua kama umekula," akasema.

Laini ya pili ikaungana na ya kwanza kulia.

"Nimekula," akasema mwishowe. "Na wewe?"

"Nimekula."

"Haya, kaka."

"Haya."

Hakuna kati yao aliyekuwa ametia kitu tumboni. Sementi alibaki ameushika mkonga mpaka saa nne ikapita na dakika kumi juu, kisha akaurudisha mahali pake na kumwita mgonjwa aliyekuwa anasubiri kwenye benchi.

Jumamosi ilikuwa siku ya mazoezi marefu ya mwisho, kilomita thelathini kwenye barabara ya mashambani isiyo na magari mengi. Walianza kukiwa na umande. Kwa kilomita kumi za mwanzo vidonge vilisaidia. Kuanzia ya kumi na tano Sementi hakuwa anaona tena barabara, alikuwa anahesabu tu. Moja mbili. Alisema "tuta", alisema "kushoto kidogo", alisema "maji", kwa sauti ambayo hakuitambua. Opareta alishika mwendo, na mwendo ulikuwa mzuri. Kwa mwendo ule wangemaliza ndani ya saa tatu na dakika ishirini na tano. Sementi alipiga hesabu hiyo kwenye kilomita ya ishirini na nne, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akaamini kwamba itawezekana.

Mfupa ulikatika hapo hapo. Ulilia kama ukuni unaovunjwa kwa goti. Sementi alianguka ubavu, kamba ikamvuta Opareta, naye akaanguka juu ya viganja vyake.

"Nimeteleza," Sementi akasema.

Hebu fikiria. Mguu umekatika pande mbili, na mtu bado anadanganya.

Opareta alipapasa lami kwa mikono iliyochubuka mpaka akaufikia mguu wa kaka yake, akaufuata taratibu kutoka goti kwenda chini, na alipofika pale ulipopinda pasipopaswa kupinda akaondoa mkono.

"Kijiwe hakikuwepo," akasema.

"Kijiwe gani?"

"Siku ile. Kijiwe kikianguka kwenye lami kinalia, kaka. Ulikung'uta kiatu, hakikulia kitu."

Sementi alilala chali akitazama mawingu. Maumivu yalikuja kwa mawimbi, na kati ya wimbi na wimbi alimsikia mdogo wake akiongea, taratibu, kama mtu anayesoma barua.

"Nikasema, labda. Halafu ukaanza kukimbia sawasawa. Tangu nikufahamu mguu wako wa kushoto ni mzito kuliko wa kulia. Ndivyo ulivyo, na ndivyo ninavyokujua hata ukipita koridoni na watu kumi. Ghafla miguu yote miwili ikawa inalingana kama saa ya ukutani. Hakuna binadamu anayetembea hivyo. Nikajua unaupigiza. Nikajua ni ule wa kulia."

"Mafua yako..."

"Sina mafua. Nilikuwa nakupumzisha. Mama nilimwambia, akanigombeza wiki nzima."

"Kwa nini hukusema?"

Kamba ilikuwa bado imewafunga, mkono kwa mkono.

"Kwa sababu ningesema, zingekwisha. Ungesema wewe, zingekwisha. Tukinyamaza wote, kulikuwa na labda." Akajifuta uso, akajipaka damu ya viganja bila kujua. "Jana ulipopiga simu nilijua unachotaka kuniambia. Nilikaa pale simu zinalia, namwomba Mungu kaka yangu asifungue mdomo. Ukaniuliza kama nimekula. Nikamshukuru Mungu. Unasikia? Nilishukuru. Niliusikia mguu wako unavunjika kila alfajiri kwa wiki nne, na nilitaka kwenda."

Sementi alitaka kukasirika. Aliitafuta hasira, angeifurahia wakati ule, ingempa cha kushika. Hakuipata, kwa kuwa kila alichotaka kumlaumu mdogo wake alikuwa amekifanya yeye kwanza. Akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, katikati ya barabara, na Opareta akalia naye, mpaka gari la kubebea maziwa lilipokuja na dereva akashuka kuuliza nani kawagonga.

"Hakuna," Opareta akamjibu. "Tumejigonga wenyewe."

Daktari wa mifupa alitia chuma. Kutembea utatembea, akasema, ila kukimbia sahau. Siku ya kufungwa plasta walimpeleka katika chumba chake mwenyewe, akalala kwenye kile kitanda cha chuma, na msaidizi wake akachovya bandeji bila kuthubutu kumtazama bosi usoni. Mapovu yakaisha. Msaidizi akaangaza macho, akasema kama alivyofundishwa kwamba jamaa wa mgonjwa ashike kisigino na asitingishike. Opareta akasogea, akapapasa, akashika. Alishika kwa dakika ishirini nzima mpaka plasta ikapoa, na hakutingishika. Hotuba haikutolewa, hakuna aliyekuwa na uso wa kuitoa.

Jumapili ya mbio Sementi hakuweza kukaa nyumbani. Opareta alikuwa amekwishaenda zamu, aliiomba mwenyewe, na mama alikuwa anaosha vyombo visafi. Sementi alichukua magongo na ufunguo wake wa chumba cha plasta. Alifungua dirisha. Barabara ile ya lami ndipo mbio zilipopita, kwenye kilomita ya thelathini, umbali wa hatua tano kutoka ukutani. Kwa miaka miwili alikuwa amewaonyesha wagonjwa: hapa ndipo mimi na mdogo wangu tunapita.

Simu ya ukutani ikalia.

"Kaka," Opareta akasema. "Nilijua utakuwa huko."

"Nipo."

"Huku sina dirisha."

Hakuomba zaidi ya hapo. Sementi aliuvuta waya mpaka mwisho, akaegemea ukingo wa dirisha kwa kiwiko, akautoa mkonga nje na kuunyoosha juu ya barabara. Watu walikuwa wachache upande ule, na miguu ilisikika vizuri. Wanaume wa mbele walipita, wepesi, wanakwangua lami kidogo tu. Kisha wakaja wawiliwawili wenye kamba. Aliurudisha mkonga sikioni.

"Mwanamke wa kwanza huyo," Opareta akasema. "Kiongozi wake ana viatu vipya." Wakangoja. Dakika zikapita. Miguu ya jozi nyingine ikaja na kupita. "Wa pili ana dakika nyingi nyuma. Hapo katikati, kaka. Hapo ndipo tungekuwa."

"Najua."

"Kulikuwa na nafasi."

"Najua, mdogo wangu."

Akautoa mkonga tena nje, na mkono ukaanza kuuma, akauacha uume. Walipita wengi. Walipita waliochoka, walipita wanaotembea, mpaka barabara ikabaki na mmojammoja. Mwishowe akaja mwanamume mmoja peke yake, shati limemganda mwilini, macho ameyakaza mbele. Sementi alimwangalia miguu. Miguu ile ilitua kwa nguvu sawa, kulia, kushoto, kulia, kushoto, sawa kabisa, na kila ule wa kushoto ulipotua mdomo wa yule mtu ulikunjamana.

Kutoka ndani ya mkonga sauti ndogo ilikuwa inaita. Akauweka sikioni.

"Huyo," Opareta alikuwa anasema. "Huyo anaupigiza. Kaka, mwambie."

Sementi alijitupa kwenye dirisha mpaka kifua kikatoka nje na gongo moja likaanguka. "Bwana," akaita. "Bwana, simama. Huo mguu umepata ufa. Simama, nakwambia, mimi ndiye ninayefunga plasta hapa."

Yule mtu aligeuza kichwa. Alimwona mtu dirishani anapunga mkono na kupiga kelele, kama walivyokuwa wakimpungia wengine njia nzima. Akatabasamu kwa shida, akainua mkono kushukuru, akaongeza mwendo.

"Amesimama?" Opareta akauliza.

"Hajasimama."

"Mwite tena."

Sementi akauachia mkonga uning'inie kwenye waya, akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili na kuita tena, kisha tena, mpaka ule mgongo ukapotea kwenye kona.